Maisha ya Daktari Denis Burkitt, Mpasuaji wa Mulago

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani, nami nimemchagua daktari mmoja mpasuaji aliyefanya kazi yake kubwa hapa hapa Afrika ya Mashariki, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala. Najua wako watakaoshangaa kuona mwalimu wa jiografia anaandika habari za daktari. Nawaomba wavumilie kidogo, maana sababu yangu imo ndani ya habari yenyewe.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911, karibu na mji mdogo wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya, na kazi yake ilikuwa kuangalia barabara na madaraja. Lakini baada ya kazi mzee huyo alikuwa na shughuli nyingine aliyoipenda mno. Aliwanasa ndege wadogo waliokaa katika bustani yake, akawavika pete za madini miguuni apate kumtambua kila mmoja, kisha akawaachia. Halafu alichora ramani ya bustani, akaonyesha kila ndege anakaa upande gani na mpaka wake unakoma wapi. Wataalamu wa ndege wanamheshimu hata leo kwa kazi hiyo. Basi Denis alikulia katika nyumba ya watu waliozoea kuuliza kila kitu kinakaa wapi, na tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, watoto walirushiana mawe, na jiwe moja likapiga miwani yake. Kipande cha kioo kikamwingia jichoni, na jicho hilo likapotea. Tangu siku hiyo mpaka kufa kwake aliona kwa jicho moja tu.

Mwaka 1929 aliingia Chuo Kikuu cha Dublin kusomea uhandisi kama baba yake. Hakukaa sana, akageuza nia na kuanza masomo ya udaktari. Alikuwa Mkristo wa imani kubwa, naye aliamini kwamba kazi ya kuponya watu ndiyo aliyoitiwa. Alimaliza mwaka 1935, na mwaka 1938 akafaulu mtihani wa wapasuaji huko Edinburgh. Akaomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika. Akakataliwa. Wakubwa waliona kwamba mtu wa jicho moja hafai kupelekwa mbali namna hiyo. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, jeshi likawa halina nafasi ya kuchagua sana, likamchukua mwaka 1941. Kwa njia hiyo alifika Kenya, akafika Somalia, na baadaye Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi ile ile ya serikali, na safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 akaletwa Uganda.

Alipangiwa Lira, katika nchi ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Hospitali ilikuwa moja, wagonjwa tele, na daktari mpasuaji alikuwa yeye peke yake. Hapo ndipo ilipotokea habari ya kwanza inayofaa tuitazame vizuri. Wanaume wengi walikuja kupasuliwa mabusha. Wenyeji wa pwani hawahitaji kuelezwa busha ni nini, maana ugonjwa huo umewasumbua tangu enzi za mababu. Daktari mwingine angepasua, akashona, akamwita mgonjwa anayefuata. Burkitt alipasua na kushona kama wengine, lakini kila mtu alimwuliza kwao ni wapi. Baada ya muda akatazama daftari lake akaona jambo la ajabu: wenye mabusha wengi walitoka mashariki ya Lango, na wale wa magharibi walikuwa wachache sana, ingawa watu ni wale wale, lugha moja na chakula kimoja. Tofauti ilikuwa katika vijidudu vya filaria, ambavyo huchukuliwa na mbu kutoka mtu hadi mtu. Upande mmoja wa nchi vilikuwako kwa wingi, upande wa pili vilikuwa haba. Aliandika habari hiyo katika gazeti la madaktari.

Wanafunzi wa Kidato cha Pili huniuliza mara kwa mara ramani ya mvua na ya mwinuko wa nchi itawafaa nini wakimaliza shule. Ningependa wakae na habari hiyo ya mabusha ya Lango, kisha waendelee kusoma.

Mwaka 1948 Burkitt alihamishiwa Kampala, katika hospitali ya Mulago, ambako pia walifundishwa madaktari wa Makerere. Kwa miaka tisa alifanya kazi ya kila siku ya mpasuaji: mifupa iliyovunjika, ngiri, vidonda, matumbo yaliyojisokota. Ndipo ukaja mwaka 1957.

Siku moja Daktari Hugh Trowell, bingwa wa maradhi ya watoto katika hospitali hiyo hiyo, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa miaka kama mitano. Uso wa mtoto huyo ulikuwa umevimba pande zote mbili, juu na chini. Meno yalikuwa yanacheza, mengine yamekwisha kutoka mahali pake. Burkitt alikuwa ameona vimbe vingi vya taya. Lakini uvimbe wa saratani, kwa kawaida yake, huanza mahali pamoja, na huyu alikuwa na vimbe vinne katika pembe nne za mataya. Usaha haukuwapo, wala haikuwa saratani ya namna aliyoijua. Akampiga picha, akamtazama, asijue la kufanya.

Baada ya wiki chache alikwenda Jinja kuitembelea hospitali ya huko. Alipokuwa amekwisha kuzunguka wodi, alitupa macho dirishani akamwona mama ameketi nje kwenye majani na mtoto wake, na uso wa mtoto ulikuwa kama ule wa Mulago. Akatoka mbio. Alipompima aliona mataya yamevimba vile vile pembe nne, na zaidi ya hayo kulikuwa na madonge makubwa tumboni. Akamchukua mama na mtoto katika motokaa yake mpaka Kampala. Katika wagonjwa hao wawili hakuna aliyeweza kuokolewa.

Mimi hufikiri sana habari ya dirisha lile. Mtoto mmoja mwenye ugonjwa wa ajabu ni ajabu tu, na kila hospitali ina ajabu zake. Watoto wawili wenye ajabu moja ni swali. Burkitt alirudi Mulago, akafungua makabati ya mafaili ya wagonjwa waliokufa na waliokwenda zao, akisaidiwa na Profesa Jack Davies, aliyekuwa mkuu wa uchunguzi wa maradhi pale Makerere na ambaye wenzake walikuwa wakiandika daftari la saratani zote za Kampala. Hapo akagundua kilichokuwa kimejificha.

Watoto wenye uvimbe wa taya, wengi wao walikuwa na vimbe vingine pia: kwenye figo, kwenye ini, kwenye tezi la shingo, na kwa wasichana kwenye mifuko ya mayai. Na watoto wengine walikuwa na madonge ya tumbo bila taya kuvimba. Kila daktari alikuwa ameupa ugonjwa jina kwa jinsi ya kiungo alichokiona. Aliyetazama figo aliandika saratani ya figo. Aliyetazama taya aliandika saratani ya mfupa. Aliyetazama jicho lililosukumwa nje aliandika saratani ya jicho. Hata chini ya hadubini haikuwa rahisi kuamua, kwa sababu chembe za vimbe hivyo ni za mviringo, ndogo, na za maradhi mengi zinafanana. Burkitt ndiye aliyesema kwamba yote haya ni ugonjwa mmoja unaovaa kanzu nyingi, na kwamba ndio uliokuwa ukiua watoto wengi wa Uganda kuliko saratani nyingine yoyote, ijapokuwa huko Ulaya ulikuwa adimu hata vitabu havikuutaja.

Wala haukuwa ugonjwa mpya. Katika hospitali ya misheni ya Mengo, iliyoanzishwa na Daktari Albert Cook mwaka 1897, kumbukumbu za zamani zilionyesha watoto wenye uvimbe wa taya wa namna hiyo hiyo. Ulikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaweka makaratasi pamoja.

Mwaka 1958 Burkitt alitoa taarifa yake katika gazeti la wapasuaji la Uingereza, akieleza habari za watoto 38. Watu hawakuijali sana. Aliuita uvimbe huo kwa jina la saratani ya nyama na mifupa, na katika hilo alikosea. Daktari Gregory O'Conor, Mmarekani aliyekuwa Kampala, pamoja na Profesa Davies, walipozitazama chembe zake tena kwa makini walionyesha kwamba zinatoka katika jamii ya chembe nyeupe za kinga ya mwili, zile zinazokaa katika tezi za limfu. Sasa ikaeleweka kwa nini uvimbe unaweza kutokea mahali popote.

Na hapa nasimama kidogo, kwa kuwa jambo hili lilimgusa mpasuaji mahali panapouma. Kazi yake ni kisu. Alikwisha jaribu kukata vimbe hivyo. Kukata taya la mtoto ni kumharibu uso, na baada ya jeraha kupona, uvimbe hurudi pale pale au huzuka kwenye figo, na mtoto hufa akiwa na uso ulioharibika. Uvimbe huu hukua kwa kasi isiyo na mfano: chembe zake huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili. Unaweza kumpima mtoto Jumatatu, na Ijumaa ukamkuta kama mtoto mwingine. Kutibu kwa mionzi hakukuwezekana, maana Kampala haikuwa na mashine. Wapasuaji wengi wakifika hapo huendelea kukata, kwa sababu kukaa bure mbele ya mzazi anayelia ni kuzito. Burkitt alikubali kwamba kisu hakifai kuwa dawa ya kwanza ya ugonjwa huu. Kwa maoni yangu, huo ndio ukubwa wake, kuliko hata kuugundua kwenyewe.

Badala ya kisu akashika kalamu. Alichapisha karatasi zenye picha za watoto wenye uvimbe, na chini yake maswali machache: Je, mmeona mgonjwa kama huyu? Wapi? Lini? Karatasi hizo zaidi ya 1,000 zilipelekwa kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, kwa msaada wa fedha ndogo sana. Majibu yalipoanza kurudi alitia alama kwenye ramani ukutani. Alama zikajipanga kama mshipi, toka magharibi ya Afrika hadi mashariki, kaskazini na kusini ya ikweta, kisha zikateremka kama mkia kufuata pwani ya mashariki mpaka Msumbiji.

Mshipi huo ulikuwa na kingo, na kingo ndizo zilizomsumbua. Kwa nini ugonjwa unafika hapa na haufiki pale? Akaamua kwenda kuona mwenyewe. Alinunua gari kuukuu la Ford, la mwaka 1954, kwa pauni 250, na tarehe 7 Oktoba 1961 akaondoka Kampala pamoja na madaktari wenzake wawili: Ted Williams, mmisionari wa hospitali ya Kuluva katika West Nile, na Cliff Nelson. Walikwenda kwa muda wa wiki kumi, maili kama 10,000. Walipita Kenya, wakapita Tanganyika ambayo ilikuwa inajiandaa kwa sherehe za Uhuru wa tarehe 9 Desemba mwaka huo huo, wakashuka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, kisha Rhodesia, Msumbiji, hata Afrika ya Kusini. Mtu aliyezisafiri barabara zetu wakati wa vuli atakadiria mwenyewe vumbi na tope walilokula.

Njia yao ya kuchunguza ilikuwa nyepesi kabisa. Wakifika hospitali, Burkitt alitoa picha, akamwonyesha daktari, muuguzi au msaidizi yeyote aliyekaa pale kwa miaka mingi. Uso wa mtoto mwenye uvimbe huu mtu akiuona mara moja hausahau, kwa hiyo jibu la ndiyo au la lilikuwa la kutegemewa. Walitembelea hospitali karibu 60, na nyingi zilikuwa ndogo, za misheni, ambazo hakuna bingwa wa Ulaya aliyewahi kuziuliza kitu. Napenda wanafunzi wakumbuke hao waliojibu. Vitabu vimelihifadhi jina la Burkitt, na ugonjwa wenyewe unaitwa kwa jina lake. Lakini ramani ile ilichorwa kwa kumbukumbu za wauguzi na wasaidizi ambao majina yao hayakuandikwa popote, na kwa miguu ya akina mama waliobeba watoto wagonjwa mpaka hospitalini.

Waliporudi, ramani ilisema hivi. Karibu na ikweta, katika Uganda na Kenya, ugonjwa haukuonekana juu ya mwinuko wa futi 5,000 hivi. Walipokwenda kusini zaidi kikomo kiliteremka: katika nchi za Nyasaland kilikuwa futi 3,000, na karibu na mwisho wa mkia, futi 1,000 tu. Kenya watoto waliougua walitoka pande za Ziwa Victoria na za pwani, na wa nyanda za juu walikuwa adimu. Mwanzoni Burkitt alidhani mwinuko wenyewe ndio kizuizi. Daktari Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya uchunguzi wa virusi iliyokuwa Entebbe, ndiye aliyemfumbua macho. Kikomo kinachoshuka kadiri unavyoiacha ikweta si cha mwinuko, ni cha baridi: ugonjwa haukupatikana mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 60 za Farenhaiti, yaani kama 16 za Selsiasi. Baadaye ilionekana pia kwamba hauko penye mvua pungufu ya inchi 20 kwa mwaka. Na Haddow, aliyekuwa mtaalamu wa wadudu, aliijua ramani ya namna hiyo. Ni ramani ya mbu.

Mwanafunzi yeyote wa jiografia akipewa ramani ya joto, ya mvua na ya mwinuko wa Afrika ya Mashariki, angeweza kuuchora mpaka ule kwa penseli. Sasa mnajua kwa nini nimeichagua habari hii.

Kabla ya safari hiyo ndefu, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa London kwa likizo, akatoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwako kijana mtafiti, Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vinavyoleta saratani kwa kuku. Aliposikia kwamba kuna saratani ya watoto inayofuata mvua na joto, alifikiri mara moja juu ya virusi. Wakapatana kwamba vipande vya vimbe vilivyokatwa Kampala vipelekwe London kwa ndege. Kwa zaidi ya miaka miwili vipande vikaenda, na hadubini ya umeme haikuonyesha chochote. Mwisho wa mwaka 1963, ndege moja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaenda Manchester. Mzigo ulipofika ulikuwa umechelewa, na maji ya ndani ya chupa yamechafuka kama maji ya mchele. Ilidhaniwa yameoza. Kumbe zilikuwa chembe za uvimbe zenyewe, zimejitenga na kuelea, zikiwa hai. Epstein na Yvonne Barr wakazilea mpaka zikazaana, na Bert Achong akawasaidia kuzitazama. Virusi vikaonekana. Habari ikatangazwa mwezi Machi 1964, na virusi hivyo vikaitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Watu wengi husimulia mpaka hapo wakaacha, kana kwamba fumbo limekwisha. Lakini halikwisha. Upesi iligunduliwa kwamba virusi hivyo viko dunia nzima, na watu wazima zaidi ya 9 kati ya 10 wanavyo bila kudhurika; huambukizwa kwa mate, wala si kwa mbu. Basi mbu wa ramani walikuwa na kazi gani? Jibu liliwezekana kukisiwa kwa kutazama visiwa vyetu. Unguja na Pemba zina joto na mvua kama bara iliyo mbele yake, lakini ugonjwa ulikuwa adimu huko, na katika miaka ile visiwa hivyo vilikuwa vimeipiga vita malaria kwa nguvu. Mbu hawaleti virusi, wanaleta malaria. Mtoto anayeugua malaria tena na tena kinga yake huchoka na kuvurugika. Chembe nyeupe zenye virusi huzaana bila kizuizi, na katika kuzaana huko mara chache sana kosa hutokea ndani ya kiini cha chembe moja, kipande cha kromosomu kikahamia pasipo pake. Chembe hiyo moja ndiyo huwa mama wa uvimbe. Burkitt mwenyewe alikubali fikira hiyo ya malaria na kuiandikia mwaka 1969. Ramani yake ilikuwa kweli tangu mwanzo. Ni watu walioisoma vibaya kwanza.

Nimewaacha wagonjwa muda mrefu, na bila shaka wazazi wanataka kujua walitibiwaje. Mwaka 1960 madaktari wawili wa saratani kutoka New York, Joseph Burchenal na Herbert Oettgen, walifika Afrika ya Mashariki wakitafuta mahali pa kujaribu dawa mpya. Mulago, kwa kukosa mashine ya mionzi, palikuwa mahali pa kufaa. Burkitt alianza kuwapa watoto methotreksati, na baadaye siklofosfamidi. Yaliyotokea hayakuwa yameonekana popote. Uvimbe uliofunga jicho na kinywa ulinywea kwa siku chache, kama barafu juani. Sababu ni ile ile iliyoufanya uwe wa kutisha: dawa hizo huua chembe wakati zinapogawanyika, na chembe za uvimbe huu karibu zote zinagawanyika. Watoto wengine walipata dozi moja au mbili tu, kwa kuwa dawa zilikuwa chache na wazazi walitaka kurudi mashambani, na baadhi yao wakaishi, wakakua. Mjini Nairobi Daktari Peter Clifford, naye mpasuaji, aliona mambo yale yale. Siku hizo hapakuwa na saratani nyingine nyingi ambazo daktari angeweza kuzitaja kwamba zinaponywa kwa dawa tu.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huu kilifunguliwa pale Mulago, ambacho kimekua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Na kisu nacho kikapata kazi yake. Mwaka 1974 madaktari wa Kampala walionyesha kwamba mtoto mwenye donge kubwa tumboni, kama likiweza kuondolewa karibu lote kabla ya dawa, aliishi kwa matumaini zaidi kuliko yule ambaye donge lilibaki. Tena hata leo mpasuaji ndiye anayekata kile kipande kidogo cha nyama kinachopelekwa kwenye hadubini, na pasipo kipande hicho daktari anakisia tu.

Wazazi wataniwia radhi nikisema jambo moja la nyumbani. Ugonjwa huu haujatoweka kwetu. Mara nyingi dalili ya kwanza ni meno ya mtoto kulegea kabla ya wakati wake au bila kuumia, kisha shavu kuvimba bila maumivu makali. Watoto wengi hupotezewa siku za thamani kwa kung'olewa jino, au kwa kuchanjwa shavu. Kwa uvimbe unaojizidisha kwa siku moja au mbili, wiki tatu za kungoja ni nyingi mno. Dawa bado zipo na bado zinaponya, lakini anayefika mapema ndiye anayefaidi zaidi, na wetu wengi hufika wamechelewa.

Burkitt aliendelea kukaa Uganda baada ya nchi kupata Uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Mwaka 1964 aliacha kupasua akashika utafiti peke yake, na mwaka 1966 akarudi Uingereza. Huko alianza jambo jingine kabisa, akishirikiana na yule yule Trowell aliyemwita wodini. Aliuliza, kama kawaida yake, kwa nini maradhi fulani ya matumbo yalikuwa mengi Ulaya na haba katika vijiji vya Afrika, akafikia kusema kwamba Wazungu wameondoa makapi yote katika vyakula vyao. Alizunguka dunia akihubiri nafaka isiyokobolewa na maharage. Mengine aliyoyasema utafiti wa baadaye umeyathibitisha, mengine umeyapunguza. Mimi nadhani katika habari hii ya pili alikuwa mwepesi wa kuamini kuliko katika ile ya kwanza, maana hakuwa na mwenzake kama Haddow wa kumgeuzia ramani. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza.

Alifariki tarehe 23 Machi 1993, mwenye umri wa miaka 82, akamwacha mkewe Olive na mabinti watatu.